Chagua Kwanza, Bei Baadaye

Mwezi wa nane, katika mji wowote wa mkoa wenye stendi ya mabasi, steshenari ndiyo ofisi ya udahili. Penye mashine ya fotokopi inayonguruma na kompyuta mbili ambazo herufi za kibodi zimefutika, huwa pana benchi, na kwenye benchi wamekaa vijana waliomaliza kidato cha sita, kila mmoja na bahasha yake ya kaki. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, matokeo yaliyochapwa, picha za pasipoti na, kama baba au mama ametangulia mbele ya haki, cheti cha kifo. Mwenye duka huuliza swali moja kabla ya kuanza kubofya: "Mdogo wangu, chuo au mkopo?"

"Vyote, kaka."

Jibu hilo limezoeleka mno, lakini tatizo zima la elimu ya juu ya Tanzania limejificha humo. Kijana anaomba vitu viwili katika ofisi mbili zenye kalenda mbili. Ofisi ya kwanza inamtaka aamue atasoma nini na wapi. Ya pili itamwambia uamuzi huo utamgharimu kiasi gani, ila itamwambia baadaye, wiki kadhaa baada ya mlango wa kwanza kufungwa.

Tuanze na mlango wa kwanza. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na Baraza la Mitihani hutoa matokeo Julai. Mara baada ya hapo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hufungua dirisha la udahili. Sifa ya chini kwa mwenye kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili unaofikisha pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Mwombaji hutuma maombi chuo kimoja kimoja, na kila chuo hutoza ada yake ya maombi.

Haikuwa hivyo siku zote. Kuanzia mwaka 2010 kulikuwa na mfumo wa pamoja uliosimamiwa na TCU: kijana aliorodhesha kozi alizozitaka, kompyuta ikampangia moja. Aprili 2017, alipokuwa akizindua mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais John Magufuli aliagiza Tume iache kuwachagulia wanafunzi vyuo. Mwaka huohuo waombaji wakarudi kuomba vyuoni moja kwa moja. Uhuru ulirudi, na pamoja nao ikarudi kero ambayo mfumo wa pamoja ulikuwa umeiondoa: mtu mmoja mwenye ufaulu mzuri kuchaguliwa na vyuo vinne au vitano kwa mpigo, na kuzikalia nafasi zote hizo kama abiria mmoja aliyetandaza mizigo kwenye viti vitano.

Hapo ndipo foleni inapozaliwa. Tanzania haina ile orodha rasmi ya kusubiri inayotumiwa na vyuo vya nchi nyingine, ambapo jina lako huwekwa pembeni kwa ahadi ya huenda. Ina awamu. Anayekosa awamu ya kwanza huomba upya awamu ya pili, na kwa baadhi ya miaka hufunguliwa ya tatu. Sehemu ya nafasi anazogombea huko ni zile zilizoachwa na waliochaguliwa kwingi wakathibitisha chuo kimoja. Kila baada ya awamu TCU hutoa orodha ya waliodahiliwa zaidi ya chuo kimoja na kuwapa siku chache wathibitishe. Kwa maneno mengine, kusubiri kwa mmoja kunategemea uamuzi wa mwingine, na mwingine huyo naye anasita kwa sababu hajui kama mkopo utatoka.

Kuthibitisha kwenyewe ni jambo la dakika moja, likienda vizuri. Namba ya siri hutumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe, mwombaji huingia kwenye akaunti yake ya chuo alichokichagua, huiandika namba, basi. Tatizo ni simu yenyewe. Wapo waliojaziwa fomu steshenari na mhudumu aliyeweka namba yake mwenyewe ili kazi iende haraka. Siku ya namba ya siri ikifika, inaingia kwenye simu ya mtu aliyeshasahau sura zao. Wapo pia walioko kambini Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, ambako simu haziko mikononi mwao, na ndugu ndiye anayehangaika kwa niaba. Mjomba anayejua nywila ya mpwa wake amekuwa mtu muhimu kuliko mwalimu wa taaluma.

Mlango wa pili ni wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Maombi yake hufunguliwa karibu na wakati uleule wa udahili, mara nyingine hata kabla ya matokeo ya kidato cha sita. Ada ni shilingi 30,000, hairudishwi. Fomu huchapwa, husainiwa na mwenyekiti au mtendaji wa mtaa au kijiji, hupigwa muhuri na wakili au hakimu, huwekwa saini ya mdhamini, kisha kurasa zilizosainiwa hurudishwa mtandaoni. Vyeti vya kuzaliwa na vya vifo lazima vihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa Zanzibar na wakala wa huko. Ufunguo wa kila kitu ni namba ya mtihani wa kidato cha nne: ndiyo inayomtambulisha mwombaji TCU, ndiyo inayomtambulisha Bodi. Mtoto wa Kigoma atasahau siku ya kuzaliwa ya mama yake kabla ya kuisahau namba hiyo.

Kisha kimya. Kimya hicho hudumu mpaka Oktoba, wakati ambapo vyuo vinafunguliwa au vinakaribia kufunguliwa, na Bodi inapoanza kutoa majina kwa mafungu. Vijana huyaita bachi: bachi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Swali la msimu ni "umetoka bachi gani?" Mwaka 2019, kwa mfano, bajeti ilikuwa shilingi bilioni 450. Awamu ya kwanza ilitoka Oktoba ikiwa na majina 30,675, na ya pili ikafuata na majina 11,378. Maana yake, katika awamu hizo mbili, zaidi ya robo ya waliopata hawakuwamo kwenye orodha ya kwanza. Aliyetazama bachi ya kwanza akajikosa hakuwa amenyimwa, lakini hakuwa na namna ya kujua hivyo. Na kwa muda huo chuo kilikuwa kikimtaka alipe ada, apate chumba na aanze vipindi.

Hata aliyeliona jina lake bado hajui hesabu. Mkopo wa Bodi una vipengele: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, mahitaji maalumu ya kitivo. Mtu anaweza kupewa fedha yote ya kujikimu na asilimia chache tu ya ada, au kinyume chake. Posho ya kujikimu, ile inayoitwa bumu kila chuo kuanzia Mwanza hadi Mtwara, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Likiingia la siku sitini ni laki sita. Ukiwa na bumu bila ada, utakula lakini utadaiwa. Ukiwa na ada bila bumu, utasajiliwa lakini utalala kwa shemeji. Mgawanyo huo huonekana kwenye akaunti ya mwombaji baada ya bachi kutoka, na kozi aliyoithibitisha Septemba haibadiliki kirahisi.

Ugomvi kuhusu mgawanyo huo una umri wa miaka mingi. Bodi ilipoanza kuwapanga wanafunzi kwa madaraja ya uwezo, wengine wakipewa asilimia mia na wengine ishirini, moto uliwaka. Novemba 2008 vyuo vikuu kadhaa vya umma, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, vilifungwa baada ya wanafunzi kugoma wakidai wote wakopeshwe kikamilifu. Tangu hapo mjadala wa mikopo nchini umekuwa wa kiasi: fedha ni kidogo, ziongezwe. Na zimeongezwa. Bajeti ya mikopo ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, ikafika bilioni 787 mwaka 2024/25, ongezeko la karibu asilimia 70 ndani ya miaka minne. Mwaka 2021 serikali ikafuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, mzigo uliokuwa ukiwafanya wadaiwa waone deni linanenepa huku wakilipa. Mwaka 2022/23 ukaanza Ufadhili wa Samia kwa waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi.

Hayo yote ni ya kupongezwa, na bado hayagusi jambo lenyewe. Kijana anayejua kwamba atapata nusu ya ada yuko mahali pazuri kuliko anayeweza kupata yote au kukosa yote, maana wa kwanza anaweza kupanga. Fedha zimeongezeka, mpangilio wa matukio umebaki vilevile. Mwanafunzi anachagua kwanza, bei anaambiwa baadaye.

Gharama ya mpangilio huo huonekana mashambani kuliko ofisini. Chukua familia ya mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini. Mavuno yanaingia ndani katikati ya mwaka, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Anayeweza kuweka magunia yake mpaka Novemba au Desemba huuza kwa bei nzuri zaidi. Mzazi aliyeambiwa Agosti kwamba atahitaji kuchangia shilingi laki nne angejua auze magunia mangapi na abakize mangapi. Asiyejua anauza kwa hofu, au hauzi kabisa akitumaini bachi, kisha anajikuta Oktoba anakopa kwenye kikoba kwa riba. Ng'ombe aliyeuzwa kwa haraka hauzwi bei ya mnada. Mwenye mshahara mzuri mjini hana shida hii: anathibitisha kozi anayoitaka mtoto, mkopo ukitoka ni heri, usipotoka maisha yanaendelea. Kutojua ni kodi, na inatozwa zaidi kwa asiye nacho.

Inaathiri hata uchaguzi wa kozi. Mtoto mwenye ufaulu wa kusoma udaktari, akichaguliwa chuo cha umma na chuo binafsi, anajua ada za viwili hivyo zimeachana mbali. Akikosa cha umma awamu ya kwanza, je, athibitishe kile cha binafsi akitegemea Bodi, au asubiri awamu ya pili akitegemea nafasi zitakazoachwa? Hayo ni makisio mawili yanayotegemeana, na anayekisia ana miaka kumi na tisa na siku chache za kuamua. Wengi huishia kuchagua kozi ambayo hata mkopo ukikosekana ada yake itabebeka. Uamuzi huo una busara yake, lakini nchi inayolia kwamba haina madaktari wa kutosha ingepaswa kuuhesabu miongoni mwa hasara zake.

Bodi nayo ina hoja zake, na si za kupuuzwa. Haiwezi kupanga fedha ya ada bila kujua mwombaji anakwenda kozi gani na chuo gani, na taarifa hiyo inategemea udahili kukamilika. Mwenye vyuo vitano ambaye hajathibitisha hawezi kupangiwa mkopo. Atapangiwa wa wapi? Nyaraka nazo zinahitaji kuhakikiwa, na kila mwaka wapo waliosahau saini, muhuri au ukurasa.

Lakini hoja hiyo inafunika kitu kimoja. Umaskini wa mtu haubadiliki kwa kozi anayoichagua. Yatima ni yatima akisoma sheria au uhandisi. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini imo humo Agosti kama itakavyokuwamo Oktoba. Sehemu ya kazi ya Bodi inayohusu uhitaji ingeweza kukamilika na kutangazwa kabla ya dirisha la kuthibitisha kufungwa: si shilingi kamili, bali daraja, ili familia ijue iko upande gani wa mto.

Kenya imejaribu jambo la namna hiyo, na yaliyotokea yanafaa kutazamwa kwa makini na yeyote anayedhani ni rahisi. Huko nafasi za vyuo vya umma hupangwa na chombo kimoja, KUCCPS, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepelekwa na serikali alilipa karo ya shilingi za Kenya 16,000 kwa mwaka, awe anasoma historia au udaktari. Bei ilijulikana na ilikuwa moja. Ubaya ni kwamba haikulingana na gharama halisi, na vyuo vikuu vikazama kwenye madeni. Mei 2023 Rais William Ruto alitangaza mfumo mpya: ufadhili na mkopo kulingana na hali ya nyumbani. Kufikia 2024 wanafunzi waliwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza, la kaya zenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 kwa mwezi, lilipewa ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya kozi na mkopo wa asilimia 25, familia ikibakiwa na asilimia 5. Kundi la tano, la kipato kinachozidi shilingi 120,000, lilipewa ufadhili wa asilimia 30 na mkopo wa 30, familia ikibeba 40.

Kwenye karatasi ilikuwa wazi kuliko bachi yoyote. Kozi ya shilingi 300,000 ilimaanisha shilingi 15,000 kwa familia ya kundi la kwanza na 120,000 kwa ya kundi la tano. Shida ikawa ni nani anaingia wapi. Kipimo kilitegemea majibu ya maswali yaliyojazwa mtandaoni, na punde kukasikika vilio vya watoto wa vibarua waliowekwa pamoja na watoto wa mameneja. Vyuo vilipofunguliwa mwaka 2024 malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Rais aliunda kamati ya kuupitia mfumo, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na watetezi wa haki pamoja na wanafunzi, iliutangaza kuwa kinyume cha katiba kwa misingi ya ubaguzi. Shauri likaendelea kwenye rufaa. Kwa hiyo kumwambia mtu bei mapema hakutoshi ikiwa huwezi kumweleza ilivyopatikana, wala kumsikiliza upesi anaposema umekosea. Ila mzazi wa Kenya aligomba na namba iliyo mbele ya macho yake. Wa Tanzania hugomba na kimya.

Marekani, nchi yenye vyuo ghali kupita kiasi, ina funzo lisilotarajiwa. Huko orodha ya kusubiri ni kitu rasmi. Chama cha washauri wa udahili cha nchi hiyo kiliripoti kwamba mwaka 2018 asilimia 43 ya vyuo vilivyohojiwa viliitumia. Waliokubali kukaa kwenye orodha hizo walidahiliwa kwa wastani wa asilimia 20, na kwenye vyuo vinavyochuja zaidi asilimia 7 tu. Kijana wa Arusha au Mombasa anayeomba huko na kuwekwa kwenye orodha hiyo afahamu pia kwamba nafasi zinapopatikana, huenda fungu la msaada wa fedha limeshagawanywa kwa waliotangulia.

Lakini kwa waliochaguliwa, desturi ya Marekani ni moja: barua ya fedha hufika kabla ya Mei 1, siku ya kuamua. Mwaka 2024 desturi hiyo ilivunjika. Fomu ya kuombea msaada wa serikali kuu, FAFSA, ilikuwa imeandikwa upya. Badala ya kufunguliwa Oktoba 1 ilifunguliwa Desemba 30, 2023, ikiwa na hitilafu, na vyuo havikuanza kupata taarifa za waombaji mpaka Machi. Nchi nzima ikapiga kelele, wabunge wakaita maofisa wahojiwe, na vyuo vingi vikasogeza Mei 1 hadi katikati ya mwezi au Juni. Hoja yao ilikuwa nyepesi: huwezi kumlazimisha mtu achague kabla hajajua atalipa nini. Kilichohesabiwa kule kuwa kashfa ya mwaka, hapa ni ratiba.

Je, familia ifanye nini wakati ratiba ni hiyo? Wanaoyajua mambo haya kwa kuyapitia wana mbinu zao. Uhakiki wa RITA hufanywa mapema, kabla hata ya mtihani, maana majina yanayopishana kwa herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cha shule huchukua muda kurekebishwa. Namba ya simu inayojazwa ni ya mtu wa nyumbani atakayeipokea. Fomu iliyokwisha kusainiwa hukaguliwa ukurasa kwa ukurasa kabla ya kurudishwa, kwa sababu mwenye upungufu huitwa kusahihisha huku wenzake wakipangiwa. Mwenye nafasi vyuo viwili hathibitishi kwa jina la chuo. Anauliza kwanza ofisi ya uhasibu ya kila kimoja kama ada hulipwa kwa mafungu, na fungu la kwanza ni kiasi gani, kwa sababu hilo ndilo litakalomvusha mpaka bachi ya pili au ya tatu. Aliyekosa hupeleka rufaa dirisha likifunguliwa, akiambatanisha uthibitisho mpya na si malalamiko yaleyale. Na anayeona hatavuka huandika barua ya kuahirisha mwaka kabla ya kutoweka, ili arudi akiwa mwanafunzi na si mtoro.

Mbinu hizi zinasaidia, lakini zinahitaji mtu mwenye taarifa karibu. Shule kubwa za mjini zina walimu wanaowakalisha wanafunzi na kuwaelekeza. Sekondari ya kata iliyo mbali na lami ina steshenari ya stendi. Pale, usiku wa Oktoba ambao bachi inatoka, mhudumu hafungi duka saa mbili. Vijana wanakuja na vocha za bando, faili linafunguka pole pole, na mmoja anainamia skrini akiandika namba yake ya kidato cha nne kwenye kisanduku cha kutafuta, anafuta, anaandika tena, akidhani amekosea tarakimu.

"Ngoja, kaka," anasema. "Jaribu na jina la ukoo."